Duara Kwenye Mdomo Wangu

24 Juni, Mtakatifu Yohane
Joto 44, na ni saa nne tu ya asubuhi. Daftari jipya. Kila kiangazi naanza jipya siku hii, naandika bendi imepiga wapi, nani amezikwa, nani ameoa, na joto lilikuwa kiasi gani. Hapa Caborca, jangwani kaskazini mwa Meksiko, mtu anaweza kusahau jina la bwana harusi, lakini joto la siku ile hasahau.

Tumepiga kwenye mfereji, watu wakimwagiana maji kwa ndoo, wazee wakitazama mashariki kama wingu la kwanza litatokea. Halikutokea. Nimepiga vizuri, najisifu mwenyewe kwa sababu Gildardo hanisifu. Yeye ndiye anayepiga tuba, baragumu kubwa kuliko yote, na kuongoza bendi, na ndiye aliyemsimamia binti yangu kwenye ubatizo, kwa hiyo amenizoea mno. Kwenye wimbo wa tatu nikaonja damu. Kidonda cha mdomo wa chini kimefunguka tena. Nikafuta kipulizio cha tarumbeta kwa leso, nikaendelea.

Kina miezi minane sasa. Sina wasiwasi nacho, kila mpiga tarumbeta ana kidonda chake na dawa yake. Kuna wa mafuta ya nguruwe, kuna wa nta. Mimi ni wa asali. Mke wangu Chayo anasema siku moja nyuki watanifuata kitandani.

26 Juni
Joto 47. Mazishi ya bibi mmoja saa saba mchana, familia ilitaka nyimbo saba pale pale kaburini, wakapata saba. Makaburini hakuna kivuli isipokuwa kile cha tuba ya Gildardo, na hicho anakikalia mwenyewe.

29 Juni
Joto 46. Harusi. Damu.

3 Julai
Joto 48. Leo Chayo amenishinda, naandika shingo upande.

Nilikuwa nakunywa kahawa na kumega chapati, na damu ikabaki kwenye chapati. Chayo akaitazama, akanitazama mimi. Akaingia chumbani, akarudi na tarumbeta yangu, rangi yake ya mdomo na kile kioo chake cha kutengenezea nyusi. Akaupaka ukingo wa kipulizio rangi pande zote, akaniambia nipige noti moja kama nipigavyo siku zote. Nikapiga. Akanishikia kioo usoni.

Palikuwa na duara jekundu, safi kabisa, pale pale linapokaa miaka yote. Kidonda kilikuwa nje yake. Kilikuwa kushoto, kimegusa ukingo kidogo tu.

"Tarumbeta haijawahi kukugusa hapo," akasema. "Miezi minane unaisingizia."

Nikasema labda zamani nilikuwa naishika vibaya. Akauliza zamani ipi, kabla hatujaoana? Miaka thelathini na nne mwanamke huyu anakaa pembeni ninapopiga, na mimi nilidhani anatazama watu wanaocheza. Kumbe ananitazama mdomo.

4 Julai
Joto 48. Amempigia simu daktari wa ngozi kule Hermosillo. Nimesema siendi. Namjua yule daktari, picha yake iko kwenye bango kubwa ukiingia mjini, uso unang'aa kama umepigwa rangi, na chini wameandika: ngozi yako ina umri gani? Huyo ni daktari wa wanawake wanaotaka mashavu laini. Ngozi yangu ina miaka sitini na miwili, naijua bila kulipia kuambiwa.

7 Julai
Joto 49. Chayo hanipikii chapati mpaka nikubali. Nakula mkate wa dukani, mkavu kama sanduku lake.

8 Julai
Nitaenda.

11 Julai
Joto 47. Mazishi. Wingu lilitokea juu ya milima, likasimama kama linatuhesabu, likaenda zake.

Baada ya kazi nilimwambia Gildardo ninachokiogopa. Hakuna mwingine ningeweza kumwambia. Binti yangu Micaela alizaliwa wa miezi saba, rangi ya bluu, na wauguzi walikuwa wameshamwita padri. Nilisimama nje ya ile hospitali nikamwambia Mtakatifu Fransisko kwamba akinipa mtoto huyu, kila tarehe nne Oktoba nitakwenda kanisani kwake, mjini Magdalena, nipige tarumbeta miguuni pa sanamu yake, mpaka pumzi iniishe. Sasa Micaela ana miaka thelathini na moja, anafundisha shule Nogales, ana sauti ya kufukuza kondoo. Sijakosa mwaka hata mmoja. Je, wakinikata mdomo?

Gildardo alifikiri sana, jambo ambalo hajalizoea. Akasema mtakatifu si mjinga, ataelewa. Nikamwambia sikuahidi kueleweka, niliahidi kupiga.

14 Julai
Joto la Hermosillo 46, na nyumba za huko zinalitunza mpaka ukuta unakuchoma bega.

Basi la alfajiri, mimi, Chayo na kikapu chake. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kukaa katikati ya wanawake wanaonukia. Tukafungua mlango. Kulikuwa na wanaume kumi na moja wamepanga mstari ukutani, kofia magotini, mmoja plasta puani, mwingine bendeji sikioni. Wafugaji, mkulima wa zabibu, madereva wa malori wenye mkono wa kushoto mweusi kuliko wa kulia. Chayo akaniinamia sikioni. "Hawa ndio warembo wako?"

Daktari anaitwa Yesenia Bojórquez. Ni mfupi, ana miaka arobaini hivi, mikono mirefu ya shati katikati ya Julai, na sauti ya mtu aliyekulia kwenye ng'ombe. Uso haung'ai hata kidogo. Una mabaka na mikunjo ya jua kama yetu. Baadaye nilimuuliza kuhusu lile bango. Akasema ni picha ya watu wa matangazo, mama yake mwenyewe alipita pale akauliza ni nani yule.

Kabla ya kunitazama aliniuliza kazi yangu na bendi yetu, kisha akaomba kofia yangu. Akaiinua dirishani. Mwanga ukapita kila mahali, ukamwangukia usoni matone matone. Akasema hiki ni kichujio kizuri cha kahawa, nimrudishie aliyeniuzia. Kisha akanikagua kuanzia utosini mpaka katikati ya vidole vya miguu, taratibu, kama mtu anayenunua gari lililotumika na hamwamini mwenye gari. Alipofika shingoni akasimama.

"Don Librado, unapopiga makaburini, tuba inakaa mkono wako wa kushoto?"

Nikasema ndiyo, inakaa kushoto. Akauliza mbona basi shingo imeungua zaidi upande huo huo, huyo wa tuba hakupi kivuli? Nikamwambia hatoi, anakikalia, na shaba yake inanirudishia jua mimi. Chayo alicheka mpaka akashika meza. Lakini mimi sikucheka. Miaka arobaini nimesimama mkono wa kulia wa Gildardo, mchana baada ya mchana, na huyu mwanamke ameisoma yote kwenye shingo yangu bila kunisikia nikipiga hata noti.

Mdomo aliuacha mwisho. Aliuminya kwa vidole, ndani na nje, kisha akanishikashika chini ya taya na shingoni kwa muda mrefu, macho yametazama ukuta, kama fundi piano anayesikiliza waya. Chayo akamsimulia habari ya rangi na kioo. Daktari akamtaka aieleze tena tangu mwanzo, na alipomaliza akamwambia kwamba ugonjwa huu ameugundua yeye, kilichobaki ni kuuandikia jina. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amekaa wima kama anayepigwa picha.

Hakunificha. Alisema anaona dalili za saratani, ile inayotoka kwenye jua na kupenda mdomo wa chini kwa sababu mdomo wa chini umelala ukitazama mbingu. Akanichoma ganzi, akakata kipande kidogo kipimwe. Nikamuuliza lini naweza kupuliza tena. Hapo ndipo alipoweka kalamu chini na kuanza kuniuliza maswali ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Mdomo upi unatetemeka? Uzito unalala wapi? Ukichoka, unachoka upande gani? Wale kumi na mmoja walisubiri nje, na hakuna aliyegonga mlango.

15 Julai
Joto 47. Chapati sita.

19 Julai
Joto 48. Wingu lile lile. Likaenda.

24 Julai
Joto 47, na saa tisa vumbi likaja mpaka hatukuona nyumba ya jirani.

Alipiga simu mwenyewe, hakumtuma mtu. Ni saratani. Ni ndogo juu, chini hajui, na shingoni hajahisi kitu. Tarehe sita Agosti ataitoa kwa utaratibu wa kukata tabaka jembamba, kulipima papo hapo kwa hadubini nikisubiri, na kurudia pale tu panapobaki ugonjwa, ili asichukue hata unywele wa nyama nzima. Kisha akaniambia nije na tarumbeta. Nikauliza ya nini. Akasema hawezi kukata kitu asichokijua.

Nilikaa uani mpaka vumbi likaisha. Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu nimeshasema uongo kwa kila mtu leo.

2 Agosti
Joto 46. Mazishi ya mwisho kabla ya kisu. Nimempigia marehemu ambaye sikumfahamu, kama vile ni ndugu yangu wa tumbo moja, mjane wake akaja kunibusu mkono. Hakujua namlilia nani.

6 Agosti
Sikuliona joto, nilikuwa ndani toka saa mbili hadi saa kumi.

Naandika siku ya pili yake, mdomo umevimba kama wa ngamia, Chayo anasema nikae kimya na kwa mara ya kwanza namtii.

Daktari alipoingia nilimtazama mdomo. Ulikuwa na alama. Duara la rangi ya zambarau, dhaifu, lililojaa katikati ya midomo yake yote miwili. Kila mpiga tarumbeta anayeanza analipata juma la kwanza, kwa sababu anakandamiza badala ya kupuliza. Nikamuuliza amefanya nini. Akatoa kipulizio mfukoni. Aliazima kwa mwalimu mmoja wa muziki siku ile ile alipopata majibu yangu, na tangu hapo kila siku wakati wa chakula cha mchana anajifungia ofisini na kupuliza, ili ajue mzigo unakaa wapi. Akanipulizia nisikie. Ilikuwa sauti ya ndama aliyekwama kwenye uzio. Muuguzi hakugeuka hata kutazama, nikajua wameshazoea.

Nimetibiwa na madaktari wengi katika miaka yangu. Hakuna aliyewahi kujiumiza mdomo kwa ajili ya wangu.

Akaniambia nipige noti moja ya juu, moja ya chini, kisha haraka akachora kwa kalamu yake duara pale kipulizio kilipokaa. Alinieleza kwamba anachokiogopa ni kovu la kulala, linalokatisha mdomo toka kushoto kwenda kulia. Hilo lingeziba kila mtetemo. Atajitahidi lishuke kwenda kidevuni, likutane na ukingo wa duara mahali pamoja tu. Ganzi. Akakata. Sikusikia kitu ila mkwaruzo. Akanifunga bendeji, akanituma nje nikasubiri.

Nje ndiyo shule yenyewe. Tulikuwa wanaume watano na mama mmoja muuza tikitimaji, kila mmoja na bendeji yake, kila mmoja akisubiri kuitwa aidha ashonwe aende nyumbani au akatwe tena. Salamu yao ni moja: wewe tabaka la ngapi? Mfugaji mmoja aliyeitwa Don Eulogio, miaka themanini kasoro, alikuwa kwenye la tatu, pua yote imefunikwa. Aliniambia safari iliyopita daktari alimpa pua mpya kutoka kwenye nyama ya paji la uso, na tangu hapo mke wake anambusu zaidi, labda anadhani ni mwanamume mwingine. Chayo akawagawia wote chapati zilizokunjwa na maharage. Mimi nilipewa harufu.

Tabaka la kwanza, ugonjwa umebaki. La pili. Nikasubiri saa nzima na robo. Safari hii hakumtuma muuguzi kuniita, alikuja mwenyewe akakaa kwenye kiti kilicho kando yangu, mbele za watu wote, na ramani ya mdomo wangu mkononi, imepakwa rangi nyekundu mahali padogo.

Alisema nje kote kumesafika. Pamebaki upande wa katikati. Akikata tena, anaingia ndani ya duara.

Hapo nilifanya jambo ambalo nalionea haya. Nilimwomba aache. Kwa mdomo uliokufa ganzi, mate yakinidondoka, nilimweleza habari ya Micaela, ya bluu, ya padri, ya tarehe nne Oktoba. Nikamwambia aniachie hicho kidogo miezi miwili tu, nipige, kisha nirudi akate anavyotaka, hata akikata kichwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakutazama saa.

"Siwezi," akasema. "Nikikuachia, mwakani hutakuwa na mdomo wa kupigia, wala wa kunitukana mimi. Ukitaka mtu wa kumchukia, nipo hapa."

Don Eulogio akaweka mkono wake mkubwa kwenye goti langu, akauacha hapo. Kisha nikasimama, nikamfuata ndani kwa miguu yangu mwenyewe.

La tatu lilikuwa safi. Alishona kwa saa moja na nusu, miwani yenye vioo vinene usoni, na muda wote alikuwa anapumua kwa pua kama anayepiga noti ndefu. Alipomaliza mgongo wake ulikataa kunyooka, muuguzi akamsaidia.

9 Agosti
Joto 45. Supu. Mrija ni marufuku, nyama ni marufuku, kucheka ni marufuku. Gildardo alikuja kunitembelea, Chayo akamfukuza kwa sababu ya hilo la tatu.

14 Agosti
Joto 44. Mishono imetoka. Kovu limeshuka kama alivyosema, limekutana na duara mahali pamoja tu. Upande wa kushoto mdomo umepungua. Nilimtazama Chayo wakati wananiondolea plasta, maana kioo nilikiogopa. Akasema nimekuwa kama mtu aliye karibu kusema jambo la maana, hatimaye.

Shingo ni safi. Majuma sita bila tarumbeta. Mazoezi yangu ni kubana karatasi kwa midomo na kusema maneno yenye p na b. Nikijaribu kumwita daktari kwa jina lake natoa Hojórquez. Nilimwachia kipulizio changu cha zamani, kile nilichoanzia nikiwa na miaka kumi na tano, arudishe cha mwalimu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikichukua, akakiosha, akakiweka mfukoni mwa koti, si kwenye droo.

19 Agosti
Mvua. Dakika arobaini. Mtaa mzima ulitoka nje kusimama ndani yake, mpaka mbwa.

23 Agosti
Joto 41. Mazishi bila mimi. Nilienda hata hivyo, nikamshikia mwavuli Wenceslao, mpiga tarumbeta wetu wa pili, ambaye sasa anapiga sehemu yangu na anajua mahali pa kuvuta pumzi kwa sababu namkanyaga mguu.

Kabla hawajaanza nilizikagua kofia zote kwa kuziinua juani, moja moja, kwa sauti ya daktari. Nne zimefeli. Ya Gildardo ilipitisha jua mpaka nyuma ya sikio, na nyuma ya sikio nikaona kitu kilichong'aa kama lulu chafu. Nikamwambia aende Hermosillo. Akasema ni alama ya tuba. Nikamtazama tu.

30 Agosti
Joto 42. Gildardo amerudi, kitu kimetolewa, amepona. Sasa anawaambia watu wote sokoni kwamba amegundua daktari wa ajabu.

3 Septemba
Joto 43. Chayo alikwenda sokoni. Nikaingia gereji, nikafunga mlango, nikatoa tarumbeta. Nilijua ni marufuku. Nikaweka, nikavuta pumzi, nikapuliza.

Hakuna. Pumzi yote ilitoka upande wa kushoto, kama tairi. Nikajaribu tena, tena. Mate yakanitiririka kidevuni mpaka kwenye shati. Miaka arobaini na saba nimeijua sauti yangu kuliko uso wangu, na leo nimeiita haikuja.

Nimelia. Chayo aliporudi alinikuta bado nimekaa juu ya ndoo. Aliichukua tarumbeta, akaifuta, akairudisha kwenye sanduku lake, kisha akaingia jikoni. Nikasikia anakanda unga.

4 Septemba
Joto 42. Nimempigia daktari nikakiri. Alinigombeza kama mama mkwe, na sikujitetea. Kisha akasema kovu bado ni gumu kwa sababu ni changa, halijakufa, linajifunza. Nilikande kwa kidole na mafuta mara tatu kwa siku, kutoka kidevuni kwenda juu. Nikamuuliza kuhusu Oktoba. Nikamsikia anafungua kalenda.

"Noti moja," akasema. "Ya chini. Ukipiga wimbo nitajua."

5 hadi 20 Septemba
Kukanda. Karatasi. Papa, baba, bibi, Bojórquez.

21 Septemba
Joto 38. Wale wanaotembea kwa nadhiri wameanza kupita barabarani kwenda Magdalena, chupa za maji viunoni. Nimekaa kando ya barabara na kopo la mafuta ya kukinga jua ambayo daktari ametuma, nawapaka masikio wanaokubali. Wengi wanakubali. Mmoja aliniuliza mimi ni wa dhehebu gani.

25 Septemba
Joto 37. Siku niliyoruhusiwa. Kipulizio tu, bila tarumbeta. Kimetoa sauti. Mbaya, lakini ni sauti. Nilikimbia kumwonyesha Chayo, akiwa bafuni.

4 Oktoba
Tumefika Magdalena asubuhi. Micaela ametokea Nogales, akanishika kidevu kama mimi nilivyokuwa nikimshika, akageuza uso wangu kwenye mwanga. Kisha akanibusu pale pale kwenye kovu.

Tulipanga foleni kwa muda wa saa tatu. Mtakatifu wa mbao amelala chali kama siku zote, watu wanamwinua kichwa na kumbusu. Nilipomwinua alikuwa mwepesi. Nikarudi hatua mbili, nikafungua sanduku. Bendi nyingine zilikuwa zinapiga nje uwanjani, tano au sita kwa pamoja, na watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma. Nikaweka kipulizio pale duara lilipokuwa. Nikavuta pumzi.

Mwanzo ilivuja. Kisha kovu likashika, na noti ikatoka. Ni ya chini, na si ile ya zamani; imekuwa nyembamba, ina mchanga ndani yake, ni sauti ya mtu aliyeumwa. Nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha, kama nilivyoahidi. Micaela alikuwa amenishika mkono wa shati kwa nyuma. Mama mmoja kwenye foleni akauliza kama ndiyo imekwisha. Nikamwambia imekwisha.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, nilimwomba Chayo simu. Muuguzi akapokea, akasema daktari ana wagonjwa, chumba kimejaa. Nikasema mwambie ni Librado, niko Magdalena. Nikasikia milango, viti, sauti za wanaume. Kisha muuguzi akasema simu iko wazi, wote wanasikia. Chayo akaishika mbele ya tarumbeta kwa mikono miwili. Nikapiga ile ile moja, ya chini, nikaishikilia.

Kule Hermosillo hakuna aliyesema neno. Nilidhani simu imekatika. Nilikuwa namnyooshea Chayo mkono anipe nitazame, ndipo ikaja: ndama aliyekwama kwenye uzio. Lakini safari hii hakutetemeka. Alikuwa kwenye noti yangu, ile ile, na akaishikilia mpaka mwisho, na nyuma yake nikasikia wale wanaume wakipiga makofi kwa kofia zao magotini.

"Amekuwa akifanya mazoezi," Chayo akasema.

Joto la leo sikuliangalia.